Kwenye Laptopu Inasikika, Kwenye Simu Kimya

Wiki mbili kabla ya UE, kikundi chetu kidogo kiliweka rekodi 14 za vipindi kwenye tovuti moja. Tulizijaribu kwenye laptopu zetu pale maktaba, zote zikasikika safi, tukapongezana, CR akarusha kiungo kwenye grupu la darasa. Haikupita nusu saa. "Mbona haisikiki?" "Kwangu inazunguka tu." "Mimi nimepata kimya cha dakika 50, asanteni." Wa mwisho kuandika alikuwa mwenzetu asiyeona, ambaye kwa kweli ndiye aliyetufanya tuanze kazi hii, maana notsi za kupigwa picha ubaoni hazimsaidii kitu. Yeye aliandika: "Ndugu zangu, nimegusa kila kitu nilichosomewa na simu. Hakuna sauti."

Jibu letu la kwanza lilikuwa la kijinga: zima simu, washa tena. Ilituchukua siku nne kukubali kwamba simu zao zilikuwa nzima na tovuti yetu ndiyo mbovu. Naandika hapa tulichojifunza, kwa sababu najua kuna klabu, kwaya, redio ya chuo na jumuiya za wilaya zinazotengeneza tovuti zenye sauti, na wote mtapita njia hiyohiyo. Wanafunzi wa kompyuta watavumilia nikieleza mambo wanayoyajua. Wengine msiogope mistari michache ya kodi.

Tuanze na kidole. Ukurasa wetu uliandikwa ili rekodi ianze yenyewe mara tu mtu akifungua, tukidhani ndiyo ukarimu. Simu haikubali. Tangu miaka ya mwanzo iPhone ilikataa sauti kuanza bila mtu kugusa kitu, na sababu waliyoitoa Apple kwa watengeneza tovuti ilikuwa wazi: mwenye simu anaweza kuwa analipia kila kipande cha data, kwa hiyo asianzishiwe kupakua kitu ambacho hajakiomba. Ukiwa unanunua bando la siku kwa hela ya chai, sababu hiyo huhitaji kuelezwa mara mbili. Mwaka 2016, kwa iOS 10, walilegeza kidogo: video isiyo na sauti inaweza kuanza yenyewe. Yenye sauti, hapana. Chrome ya Android nayo ilishika kanuni kama hiyo, halafu mwaka 2018 Google wakaipeleka hadi kwenye kompyuta, na Firefox wakafuata 2019.

Hiyo ya 2018 ina kisa chake. Chrome 66 ilipotoka mwezi Aprili, michezo mingi ya kwenye intaneti na kazi za wasanii wa sauti zikanyamaza ghafla, kwa sababu zilitumia njia ya sauti iitwayo Web Audio na waandishi wake hawakuwa wamejiandaa. Kelele zikawa nyingi, Google wakairudisha nyuma sehemu hiyo mwezi Mei, kisha wakaiweka tena kwenye Chrome 71 mwezi Desemba. Nakitaja ili usijione mjinga. Hata waliokuwa wanalipwa kwa kazi hiyo walikamatwa.

Sasa kwa nini kwenye laptopu zetu sauti ilianza yenyewe? Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Chrome ya kwenye kompyuta inaweka hesabu ya tovuti ambazo wewe huwa unazisikiliza. Tovuti ikishakuzoea, inaruhusiwa kuanza sauti bila kukuuliza. Sisi tuliokuwa tunaijaribu ile tovuti kutwa nzima ndio hasa tuliokuwa tumezoeana nayo. Ukitaka kuiona hesabu yako, andika chrome://media-engagement kwenye sehemu ya anwani. Mgeni anayefika mara ya kwanza hana hesabu hiyo, na mgeni wa simu ndiye kabisa. Kwa hiyo neno "kwangu inafanya kazi" kutoka kwa mtengenezaji halina uzito wowote kwenye jambo hili.

Tukaweka kitufe. Android nyingi zikaanza kusikika, iPhone zikabaki kimya vilevile. Kitufe chetu kikiguswa kilikuwa kwanza kinaiuliza seva anwani ya rekodi, kinasubiri jibu, halafu ndipo kinaamuru sauti icheze. Android ni mpole: ukishagusa ukurasa, inakumbuka kwamba upo. iPhone inataka amri ya kucheza itoke papo hapo, ndani ya mguso wenyewe. Ukienda kuuliza kwanza na kurudi, ruhusa imeshapoa. Dawa ni kuiweka anwani tayari ndani ya ukurasa tangu mwanzo, kidole kikigusa hakuna cha kusubiri:

kitufe.addEventListener("click", function () {
  sauti.src = "somo-03.mp3";
  sauti.play().catch(function (kosa) {
    ujumbe.textContent = "Sauti imekataa: " + kosa.name;
  });
});

Tazama ile sehemu ya catch. Bila hiyo simu inakataa kimyakimya na wewe unabaki kubashiri. Ukiiweka, simu inakutajia jina la kosa, na jina linakuonyesha pa kwenda. NotAllowedError maana yake ruhusa: kidole hakijagusa, au umechelewa. NotSupportedError maana yake ruhusa ipo ila faili yenyewe haifunguki au haijafika sawasawa. AbortError mara nyingi ni wewe mwenyewe: umeamuru icheze, kabla haijaanza ukabadilisha faili au ukaisimamisha. Tungeandika mistari hii siku ya kwanza, zile siku nne zingekuwa moja.

Kuna mengine madogo ya kidole. Kuteleza skrini juu na chini hakuhesabiki kama ruhusa, kugonga ndiyo kunahesabika. Kama unataka somo la 4 lifuate lenyewe baada ya la 3, usitengeneze kichezeo kipya kwa kila somo, kwa sababu iPhone huenda ikadai kidole kipya kwa kila kimoja. Tumia kichezeo kilekile kilichokwisha kuguswa, ubadilishe src tu wimbo au somo linapoisha. Na wanaotumia Web Audio, pengine kwa mchezo au kinanda cha kwenye skrini, ule AudioContext huzaliwa ukiwa umesinzia. Iite resume() ndani ya mguso, ndipo uamke.

Watu wa iPhone walituambia, "Basi tutapakua Chrome." Haisaidii. Kwenye iPhone, Chrome, Firefox na Opera zote huku kwetu zinatumia injini ileile ya Safari ndani yake, ni rangi za nje tu zinazotofautiana. Umoja wa Ulaya ulimlazimisha Apple kulegeza huko kwao mwaka 2024.

Baada ya kurekebisha kidole, mwenzetu akatuma picha ya skrini aliyopigiwa na mtu wa chumbani kwake. Imeandikwa: Sauti imekataa: NotSupportedError. Tulifurahi kama tumefaulu mtihani. Angalau sasa tulijua tunatafuta nini.

Rekodi nyingi tulizipata kwa WhatsApp. Mtu anarekodi kipindi kwa sauti ya WhatsApp, anatuma kwenye grupu, sisi tunapakua na kuweka kwenye tovuti. Faili hizo zinakuja na mwisho wa .opus: sauti imebanwa kwa mtindo wa Opus na kufungwa ndani ya kifurushi cha Ogg. Ni mtindo mzuri sana kwa sauti ya mtu anayeongea, unakula data kidogo. Tatizo ni kwamba Android inaufungua bila shida, lakini Safari ya iPhone kwa miaka mingi ilikuwa haifungui kifurushi cha Ogg, na simu ambazo wengi wetu tunatumia ni za miaka hiyo. Yule wetu aliyekuwa anapandisha faili aliona ule mwisho wa .opus unakera, akabadilisha majina yote yakawa .mp3. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Ukibandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi, chai bado itaharibika. Kibaya zaidi, Chrome inaonja kopo kabla ya kusoma lebo, inagundua kuwa ni Opus na inaicheza tu. Ndiyo maana kwenye laptopu hatukuona dalili yoyote.

Ukitaka faili moja inayokubalika kila mahali, ni MP3. Wala huna haja ya kuhofia leseni, hati miliki zake zilikwisha na wenye nazo wakafunga utaratibu wa kulipisha mwaka 2017. Kugeuza kweli kweli, siyo kwa jina, kunafanywa na ffmpeg, programu ya bure, kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i kipindi.opus -ac 1 -b:a 64k somo-03.mp3

Ile -ac 1 inasema sauti iwe ya njia moja, kwa sababu mhadhiri ana mdomo mmoja, hakuna haja ya spika ya kushoto na ya kulia. Ile 64k ni kilobiti 64 kwa sekunde. Piga hesabu: 64 gawa kwa 8 ni kilobaiti 8 kwa sekunde, kipindi cha dakika 50 kina sekunde 3,000, jumla kilobaiti 24,000, yaani MB 24 hivi. Kwa kilobiti 128, ambazo programu nyingi huchagua zenyewe, ni MB 48. Tulikuwa pia na rekodi moja ya kinasa sauti cha kuazima, iko kwenye mtindo wa WAV kama ule wa CD. Hiyo inakula baiti 176,400 kila sekunde, na dakika 50 zikatoka karibu MB 530. Kuna mtu alijaribu kuisikiliza kwa bando. Bumu lilikuwa bado halijatoka. Hatukumwambia ilikuwa kosa letu mpaka muhula ulipoisha.

Hilo linanileta kwenye neno dogo ambalo naliona la lazima: preload="none". Ukurasa wenye vichezeo 14 usipoambiwa, kivinjari kinaweza kuanza kuvuta vipande vya rekodi zote kabla mtu hajachagua hata moja. Ukiliweka neno hilo, hakuna kinachovutwa mpaka kidole kiguse. Na andika ukubwa wa faili pembeni ya kila somo. Mtu mzima aamue mwenyewe kama MB 24 anaziweza leo au anasubiri Wi-Fi ya maktaba.

Tukageuza zote kuwa MP3 halisi. iPhone bado kimya, kosa lilelile. Hapo nilitaka kuacha.

Kilichotuokoa ni jaribio la kawaida tu. Tulimtumia mwenzetu faili ileile kwa WhatsApp, akaigusa, ikacheza. Kwa hiyo faili ni nzima na simu ni nzima. Kilichobaki ni njia inayopita kati yao, yaani seva.

Safari haivuti faili ya sauti kama unavyodhani. Kwanza inabisha hodi na kuomba baiti mbili tu za mwanzo, ile ya 0 na ya 1. Inataka kuona kama seva inajua kugawa kwa vipande. Seva inayojua inajibu kwa namba 206, ikisema: hizi hapa mbili, na faili nzima ina kiasi fulani. Safari ikiridhika ndipo inaendelea kuomba vipande vikubwa. Seva isiyojua inajibu 200 na kumwaga faili nzima mlangoni. Chrome inaokota tu na kucheza. Safari inafunga mlango.

Sisi tulikuwa tumeweka hati ndogo ya PHP inayoangalia namba ya usajili kwanza, kisha inaisoma faili na kuimwaga yote. Ilikuwa inajibu 200 kila mara. Kujua kama nawe una ugonjwa huu, andika kwenye kompyuta, ukiweka anwani ya rekodi yako:

curl -r 0-1 -s -o /dev/null -D - https://anwani-yako/somo-03.mp3

Mstari wa kwanza wa jibu ukiwa na 206, uko salama. Ukiwa na 200, umempata mchawi. Dawa rahisi ni kuacha nginx au Apache igawe faili yenyewe, kwa sababu zote mbili zinajua kugawa vipande bila kufundishwa. Kama ni lazima ukague ruhusa kwanza, PHP ikague halafu irudishe kichwa cha X-Accel-Redirect, nginx ibebe kazi ya kugawa. Tahadhari nyingine: seva ndogo inayokuja na Python, ile ya http.server ambayo wengi tunaitumia kujaribia chumbani, kwa miaka mingi haijajua kugawa vipande. Ukiijaribu na iPhone ikakataa, usianze kubomoa kodi yako.

Faida ya vipande haiishii kwa iPhone. Hata kwenye Android, bila 206 mtu hawezi kuruka moja kwa moja hadi dakika ya 31 pale mhadhiri alipotaja swali la testi. Lazima avute zote 30 za nyuma, na alipie.

Mengine ya seva nayapitisha haraka. Seva itambulishe MP3 kama audio/mpeg. Ukurasa ukiwa wa https, rekodi nazo ziwe za https, la sivyo kivinjari kinaweza kuzizuia. Na Windows haijali kama umeandika Somo-03.MP3 au somo-03.mp3, lakini seva nyingi ni Linux na huko hayo ni majina ya faili mbili tofauti. Andika yote kwa herufi ndogo, bila nafasi.

Simu za iPhone zina vituko viwili zaidi. Kile kiswichi cha ubavuni cha kuzima mlio hunyamazisha sauti inayopita Web Audio, lakini hakinyamazishi kichezeo cha kawaida cha audio. Mtu akikwambia mchezo wako haulii, muulize kwanza kiswichi kiko upande gani. Pia kodi yako haiwezi kuamuru kichezeo cha kawaida cha audio kipandishe wala kishushe sauti kwenye iPhone, kazi hiyo ameachiwa mwenye simu. Tulikuwa tumechora kipimo kizuri cha sauti, kinateleza vizuri kabisa na hakifanyi chochote. Tulikitoa.

Na msisahau Opera Mini. Ina wapenzi wengi vyuoni kwa sababu inabana data, lakini ikiwa kwenye hali ya kubana sana ukurasa unaandaliwa kwenye seva zao na simu inaletewa kitu kilichokwisha kupikwa. Kichezeo chako hakitakuwemo. Kwa hao weka kiungo cha kawaida cha kupakua chini ya kila kichezeo. Hakina mbwembwe, kinafanya kazi kwenye kila simu niliyoijaribu, na mtu akishapakua anasikiliza mara kumi bila bando.

Nimeacha mwisho jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Siku sauti ilipokuwa tayari, tulikwenda hosteli kwa mwenzetu kushuhudia. Anatumia VoiceOver, kisoma skrini cha iPhone: anateleza kidole, simu inamsomea kilichopo, akikubali anagonga mara mbili. Akateleza kwenye ukurasa wetu. Simu ikamsomea kichwa cha habari, kisha tarehe, kisha ikaruka. Kitufe chetu kilikuwa kipembe kilichochorwa ndani ya div, hakina jina, hakina maandishi. Kwake yeye hakikuwepo. Yaani ule ujumbe wake wa siku ya kwanza, kwamba amegusa kila alichosomewa, ulikuwa kweli tupu, sisi ndio hatukuusoma vizuri. Tulikaa palepale kitandani kwake tukabadilisha:

<button>Sikiliza somo la 3, dakika 50, MB 24</button>

Akateleza, simu ikasoma maneno yote, akagonga mara mbili, mhadhiri akaanza kuongea.

Nikamwambia kwamba mwanzoni tulitaka rekodi ianze yenyewe ili kumrahisishia. Alicheka sana. Akaniuliza, sauti ya mhadhiri ikianza kabla sijafika popote, nitamsikiaje yule anayenisomea skrini? Simu ni moja, spika ni moja, wawili wanaongea kwa mpigo, na kitufe cha kusimamisha ndicho hicho anachokitafuta. Baadaye nilikuta jambo hilo limo kwenye mwongozo wa kimataifa wa WCAG, kipengele cha 1.4.2: sauti inayoanza yenyewe na kupita sekunde 3 lazima iwe na njia ya kuisimamisha au kuishusha. Kanuni tuliyoitukana siku nne ilikuwa inamtetea yeye.

Kabla hujarusha kiungo, jaribu kwenye simu ya mtu ambaye hajawahi kufungua tovuti yako. Kwa Android, chomeka simu kwa waya, ruhusu USB debugging, fungua chrome://inspect kwenye kompyuta, utaona makosa ya simu hapohapo. Kwa iPhone ukaguzi wa namna hiyo, kwa njia ya Apple yenyewe, unataka kompyuta ya Mac. Sisi hatunayo, ndiyo maana ule mstari wa kuandika jina la kosa kwenye skrini tumeuacha mpaka leo.

Rekodi sasa zimefika 22. Lalamiko lililobaki ni la somo la 9: feni ya ukumbini inamzidi mhadhiri sauti. Hilo kivinjari hakihusiki. Muhula huu tumekubaliana anayerekodi akae mstari wa mbele, simu juu ya meza, na asiiweke chini ya feni.